Blackpool, Mji wa Wiki Moja

Hapo zamani, katika miji ya viwanda ya jimbo la Lancashire, Uingereza, ilikuwako wiki moja katika kila mwaka ambayo moshi ulikoma. Dohani za viwanda vya pamba, zilizokuwa zikitoa moshi mweusi tangu alfajiri hata jioni, zilisimama kimya. Milango ya viwanda ilifungwa, maduka yakafungwa, na vilima vilivyouzunguka mji, ambavyo kwa muda wa mwaka mzima vilikuwa vimefichwa na masizi, vikaonekana tena. Wenyeji wenyewe hawakukaa kuvitazama. Mapema siku ya Jumamosi walikuwa wamekwisha kujaa stesheni, baba amebeba sanduku, mama amewashika watoto mikono, bibi mzee amefungasha chakula kikapuni, wote wakingojea gari la moshi la kwenda Blackpool.

Wiki hiyo iliitwa Wakes. Asili yake ilikuwa sikukuu ya kanisa, yaani ukumbusho wa siku kanisa la mji lilipowekwa wakfu. Lakini viwanda vilipoenea, wenye viwanda waliona ni heri kufunga kazi yote kwa pamoja, na kuitumia nafasi hiyo kusafisha na kutengeneza mitambo yao, kuliko kuwavumilia wafanyakazi waliokosa kufika mmoja mmoja. Kila mji ulikuwa na wiki yake. Bolton haikufunga siku moja na Oldham, wala Oldham siku moja na Burnley, na kwa sababu hiyo tangu Juni hata Septemba Blackpool haikupungukiwa na wageni. Julai walifika pia watu wa Glasgow kutoka Scotland, ambao walisifiwa kwa ukarimu wa mifuko yao na kuogopwa kidogo kwa kelele zao.

Jambo lisilofaa kusahauliwa ni kwamba wiki hiyo haikuwa na mshahara. Mtu alipoiacha mashine yake Ijumaa jioni alijua kwamba hatapata hata peni moja mpaka arudi na kufanya kazi tena. Kwa hiyo palikuwapo vyama vya akiba viwandani, makanisani, na hata katika vilabu vya pombe, ambamo kila mtu aliweka peni chache kila wiki kwa muda wa mwaka, na fedha hizo zikagawanywa siku chache kabla ya safari. Sheria ya kuhimiza mapumziko yenye mshahara ilipitishwa mwaka 1938, na vita vikaja mwaka uliofuata kabla wengi hawajaifaidi. Basi starehe za Blackpool zilikuwa starehe za watu waliokwisha kuzilipia, peni kwa peni, kabla hawajaziona kwa macho.

Ili kufahamu kwa nini watu hawa waliipenda bahari kiasi hicho, hapana budi kufahamu walikotoka. Katika chumba cha kufumia nguo mamia ya mitambo ilipiga kelele kwa pamoja, hata wafumaji, ambao wengi wao walikuwa wanawake, walijifunza kuzungumza kwa kuchezesha midomo bila kutoa sauti, kila mmoja akisoma midomo ya mwenzake ng'ambo ya chumba. Pamba ilirusha vumbi jembamba lililoingia mapafuni, na wengi walizeeka wakikohoa. Pamba yenyewe ilitoka nchi za mbali: Marekani, Misri, na tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20 sehemu yake ilitoka Uganda. Tena baadhi ya nguo zilizopigwa chapa huko Manchester, kanga zikiwamo, zilivuka bahari kuja kuuzwa Mombasa na Unguja. Yamkini mama wa Mombasa aliyejifunga kanga yake mpya kwenda harusini hakujua kwamba yuko mwanamke wa Lancashire aliyeufuma uzi ule, naye akiweka peni zake katika kopo apate kwenda kucheza dansi kando ya bahari nyingine.

Na bahari hiyo nyingine, lazima isemwe, haikuwa na uzuri mwingi. Jina la Blackpool maana yake ni Dimbwi Jeusi, kwa ajili ya kijito kilichopita katika ardhi ya mboji na kumwaga maji yake meusi baharini. Hapana bandari pale, wala kisiwa, wala mnazi. Pana mchanga mpana ulionyoka maili kadhaa, maji ya kijivu, na upepo usiochoka. Mtu wa Lamu angetia mguu wake katika maji yale mara moja tu, hata katika mwezi wa Agosti, akauondoa. Lakini madaktari wa karne ya 18 waliwaambia matajiri kwamba maji ya bahari na hewa ya bahari ni dawa, na matajiri wachache wakaja kuoga. Kisha mwaka 1846 reli ikafika, na baada ya matajiri wakaja watu.

Mji ulipoona watu wamekuja, haukukaa ukingojea bahari iwaburudishe. Mwaka 1863 lilifunguliwa gati la North Pier. Gati hilo si la kupakulia mizigo. Ni daraja la chuma lililojengwa kuingia baharini, wala halivuki kwenda ng'ambo. Mtu alilipa apate kutembea juu yake mpaka mwisho, atazame maji chini ya miguu yake, kisha arudi. Gati la pili lilifuata mwaka 1868, na la tatu mwaka 1893. La kwanza lilijipa heshima, likawa la watu wa tai na kofia waliotaka muziki wa utulivu. La pili likawa la wafanyakazi, ambao walicheza dansi juu yake chini ya mbingu wazi, upepo ukiwapeperusha. Mwaka 1885 zilianza kupita kando ya bahari tramu za nguvu za umeme, za kwanza katika barabara za Uingereza. Miaka michache baadaye, huko Mombasa, mabwana wakubwa walikuwa wakisafiri katika vigari vidogo vya reli vilivyosukumwa na watu wakikimbia kwa miguu.

Wageni hawa wote walilala wapi? Hoteli kubwa zilikuwako, lakini hazikuwa kwa ajili yao. Wao walipanga katika nyumba za wageni, safu kwa safu za nyumba za matofali katika mitaa iliyo nyuma ya bahari, na kila nyumba ilitawaliwa na mama mwenye nyumba. Habari za akina mama hawa zimekuwa ngano, na wachekeshaji wa Uingereza walijipatia riziki kwa kuwadhihaki muda wa miaka mingi. Amri zilibandikwa ukutani: mgeni atoke baada ya chakula cha asubuhi, asirudi mpaka saa ya kula, hata mvua ikinyesha, mchanga usiingizwe ndani, mlango utafungwa usiku saa iliyotajwa. Katika nyumba nyingi za zamani mgeni alinunua chakula chake mwenyewe dukani, akamkabidhi mama mwenye nyumba ampikie, na nyama za jamaa watano au sita zikaiva katika jiko moja bila kuchanganywa. Mwisho wa wiki hesabu ililetwa, na ndani yake mlikuwa na bei ya kitanda, pengine bei ya maji ya moto, na peni kadhaa kwa ajili ya kutumia vichupa vya chumvi na pilipili vilivyokaa mezani.

Mtu aliyelelewa kumkaribisha mgeni kwa chakula atastaajabu kusikia mgeni akilipishwa chumvi. Walakini yafaa kumhurumia mama huyo pia. Msimu wake ulikuwa wa miezi minne au mitano, na kwa mapato ya miezi hiyo alilipa kodi na kula mwaka mzima. Wengi wao walikuwa wametoka katika miji ileile ya viwanda, pengine wajane walioweka akiba yao yote katika nyumba moja. Wiki za Agosti walilala jikoni pamoja na watoto wao ili kila kitanda kipate mtu wa kukilipia. Na wageni waliomnung'unikia mama huyo ndio hao hao waliomwendea kila mwaka. Jumamosi ya kuondoka, kabla ya kufunga masanduku, waliagiza chumba kilekile kwa wiki ileile ya mwaka ujao. Jamaa fulani zilikwenda katika nyumba moja tangu bibi mpaka wajukuu.

Mchana ulikuwa wa mchangani. Picha za zamani zawaonyesha wanaume wameketi katika viti vya kitambaa vya kukunja, wamevaa suti nzima na tai, viatu tu ndivyo vimevuliwa na suruali zimekunjwa mpaka magotini. Huo ndio uliokuwa uchi wao wa pwani. Watoto walijenga maboma ya mchanga, wakapanda punda kwa bei ndogo, punda kumi wakifuatana mstari mmoja na kengele shingoni. Punda wa Blackpool wana sheria zao zilizowekwa na baraza la mji, juu ya saa za kazi na za chakula, na kwa desturi ya tangu zamani siku yao ya kupumzika ni Ijumaa. Waislamu wa pwani ya Afrika Mashariki huenda wakacheka wakisikia kwamba katika mji wote ule wa Wakristo ni punda tu walioshika Ijumaa.

Mtoto alirudi nyumbani na fimbo ya peremende, ya rangi ya waridi kwa nje na nyeupe kwa ndani, iliyoandikwa jina la mji. Na ajabu yake ni kwamba herufi hazikuandikwa juu, zimepita ndani kwa ndani tangu mwanzo wa fimbo hata mwisho, hata ukiivunja katikati jina lipo. Siri yake ni hii. Sukari huchemshwa mpaka iwe kama udongo wa mfinyanzi, na fundi akaunda kila herufi kwa vipande virefu vya sukari ya rangi, vinene na vikubwa. Herufi hizo hupangwa duara, zikazungushiwa sukari nyeupe, kisha sukari ya rangi ya waridi kwa nje, hata likawa bonge lisiloweza kuchukuliwa na mtu mmoja. Bonge hilo huviringishwa na kuvutwa, likawa jembamba na refu kama kamba, na herufi zake zikawa nyembamba pamoja nalo bila kupoteza umbo. Ndipo hukatwa fimbo fimbo. Kazi hiyo hata leo huhitaji mikono ya fundi mzoefu.

Lakini kitu kilichoifanya Blackpool kuwa Blackpool ni Mnara. Mwaka 1889 John Bickerstaffe, mtu wa mji huo aliyekuwa na hoteli na baadaye akawa meya, alikwenda Paris kutazama maonyesho makubwa, akauona mnara wa Eiffel. Akarudi na fikira moja, kwamba mji wake nao upate mnara. Kampuni ikaundwa, hisa zikauzwa, na yeye mwenyewe akatia fedha zake nyingi wakati wengine waliposita. Ujenzi ulikula tani 2,500 hivi za chuma na matofali milioni 5, ukagharimu pauni 290,000 hivi, na tarehe 14 Mei 1894 Mnara ukafunguliwa. Urefu wake ni futi 518, yaani mita 158. Ni kama nusu tu ya ule wa Paris, lakini wapita kwa mbali jumba la mikutano la KICC la Nairobi, lenye mita 105. Wasanifu wawili walioubuni, Maxwell na Tuke, walikufa kabla haujamalizika.

Kiingilio kilikuwa peni sita, ambazo kwa fedha za Afrika Mashariki za miaka ya baadaye zilikuwa sawa na sumni moja. Peni sita nyingine kupanda kwa lifti mpaka juu. Na sita nyingine kuiona sarakasi. Watoto waliokuwa ndani ya gari la moshi walishindana nani atauona kwanza ukichomoza katika nchi tambarare, na aliyeuona alipewa peni au peremende. Wazee wa Lancashire wanaposimulia habari za Blackpool, wengi huanzia hapo hapo, dirishani mwa gari la moshi, wakisukumana na ndugu zao.

Chini ya Mnara lilijengwa jumba, na katikati ya miguu yake minne ukumbi wa sarakasi, ambao sakafu yake huzama na mahali pake pakajaa maji galani 42,000, hata mwisho wa mchezo watu wakaogelea mahali farasi walipokuwa wakikimbia. Tembo wa sarakasi walichukuliwa kuoga baharini, wakipita barabarani kwa utaratibu kama askari kanzu waliochoka. Mchekeshaji Charlie Cairoli aliingia katika sarakasi hiyo mwaka 1939, akabaki huko mpaka 1979. Miaka arobaini akimwagiwa maji suruali ile ile, na wazazi waliomcheka walipokuwa watoto waliwaleta watoto wao wamcheke.

Ukumbi wa dansi wa Mnara, kazi ya msanifu Frank Matcham, ulifunguliwa mwaka 1899. Mwenye kuingia humo mara ya kwanza hudhani ameingia katika jumba la mfalme: dari zilizochorwa, taa za vioo zinazoning'inia, roshani zilizopakwa dhahabu, na juu ya jukwaa mstari mmoja wa shairi la Shakespeare. Sakafu yake ni vipande 30,602 vya mbao za aina tatu, vilivyopangwa kama mkeka. Hapo ndipo palipo na kiini cha jambo hili. Mfumaji aliyesimama mwaka mzima juu ya sakafu ya mawe, masikio yamejaa kelele, aliingia katika ukumbi ule kwa shilingi chache, akatembea juu ya mbao zile kwa viatu safi, na hakuna aliyemwuliza baba yake ni nani. Matajiri wa London walikuwa na majumba yao wenyewe. Blackpool ilijenga jumba la namna ile kwa ajili ya mwenye peni.

Adabu ilishikwa sana. Hapo mwanzo Jumapili hapakuwa na dansi, paliimbwa nyimbo za dini. Mwanamume hakuruhusiwa kucheza ila pamoja na mwanamke, na mwenye fujo alitolewa nje mara moja. Tangu 1930 mpaka 1970 kinanda kikubwa cha ukumbi kilipigwa na Reginald Dixon, ambaye muziki wake ulitangazwa na BBC hata watu wasiopata kufika Blackpool wakamjua. Kinanda hicho hupanda kutoka chini ya jukwaa, mpigaji ameketi mbele yake na mikono yake tayari inacheza. Ukumbi uliungua mwezi wa Desemba 1956, na mafundi wakaurudisha kama ulivyokuwa, ukafunguliwa tena mwaka 1958.

Jirani yake, katika jumba la Winter Gardens, mashindano ya dansi yalianzishwa mwaka 1920, na hata leo wachezaji wa nchi nyingi huyaendea kama mahujaji. Dansi hizo zilifika mbali. Katika miaka ya 1930 na 1940 vijana wa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam walivaa suti na tai wakacheza waltz, foxtrot na quickstep katika kumbi zao, kwa hatua zile zile zilizochezwa Blackpool, huku wazee wao wakinung'unika kwamba mwanamume na mwanamke kushikana hadharani si ngoma.

Upande wa kusini wa mji liko eneo la michezo liitwalo Pleasure Beach, lililoanzishwa mwaka 1896, lenye magari ya reli yanayopanda juu polepole na kuporomoka kwa kasi, abiria wakipiga ukelele. Humo mna mtambo mmoja wa mwaka 1904: vyombo vinavyoning'inia kwa nyaya kutoka mlingoti wa chuma, vikazunguka mpaka vikaruka nje kama kombeo. Aliyeubuni ni Sir Hiram Maxim. Msomaji aliyesikia habari za vita vya zamani vya Afrika Mashariki atalitambua jina hilo, kwa kuwa ndiye aliyebuni bunduki ya mtambo iliyomimina risasi mfululizo, ambayo Waingereza na Wajerumani waliileta katika nchi hizi. Akili moja ilizaa vitu hivyo viwili. Maxim alitaka sana kutengeneza chombo cha kuruka angani, akakosa, na mchezo ule aliujenga apate fedha za majaribio yake. Bunduki yake sasa imo katika majumba ya makumbusho, na mtambo wake ungali ukizunguka na watoto ndani.

Mwaka 1937 walifika Blackpool wageni wa aina nyingine, wenye daftari mfukoni. Kiongozi wao alikuwa Tom Harrisson, kijana msomi aliyekuwa amekaa katika visiwa vya New Hebrides katika bahari ya Pasifiki, akiandika desturi za watu wa huko. Aliporudi kwao aliuliza: mbona Waingereza wenyewe hawachunguzwi hivyo? Basi akapanga nyumba Bolton, akakusanya wenzake, na wafanyakazi wa Bolton walipokwenda Blackpool wachunguzi hao wakawafuata. Waliandika watu walikula nini, walisema nini wakitazama bahari, walikaa muda gani bila kusema neno. Kwa kuwa palikuwa na uvumi mkubwa kwamba vijana hufanya maovu mchangani usiku, walikwenda usiku kuhesabu. Wakaona vijana wengi waliokaa wameshikana mikono katika baridi, na maovu machache mno kuliko uvumi. Wako Waafrika wengi waliochunguzwa na wasomi wenye daftari, na hao watafurahi kujua kwamba Mwingereza naye alipata zamu yake.

Mji huu ulijua pia kuupa msimu miguu mirefu. Mwaka 1879 ulikuwa umewasha taa 8 za umeme kando ya bahari, na maelfu wakaja usiku kuyatazama maajabu hayo. Mwaka 1912, binti mfalme Louise alipokuja kufungua sehemu mpya ya barabara ya bahari, mji ulipambwa kwa taa elfu nyingi, na wafanya biashara wakaomba zirudishwe. Tangu hapo, isipokuwa wakati wa vita na miaka iliyofuata mpaka 1925, kisha tena 1939 hadi 1949, taa zimewashwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, wakati ambapo miji mingine ya pwani imekwisha kufunga. Usiku wa baridi wa Oktoba, wakati mtu mwenye akili hukaa nyumbani, magari hufuatana maili sita kwenda mwendo wa kobe chini ya taa za rangi, na tramu hupita zimepambwa kwa umbo la meli au la gari la moshi.

Miaka iliyofuata vita ilikuwa miaka ya shibe. Mwaka 1953 timu ya mpira ya Blackpool ilikutana na Bolton katika fainali ya Kombe la Uingereza pale Wembley. Bolton walikuwa mbele kwa mabao 3 kwa 1. Stanley Matthews, mwenye umri wa miaka 38, akaanza kuwachezea upande wa kulia kama paka na panya, Mortensen akatimiza mabao yake matatu, na Perry, mzaliwa wa Johannesburg, akalifunga la nne. Wiki chache baadaye watu wa Bolton, kwa kuwa wiki yao ya mapumziko ilikuwa imefika, walipanda gari la moshi kwenda kutumia fedha zao Blackpool kama kawaida. Mwaka 1955 Malkia Elizabeth alikuja Blackpool katika jumba la Opera House kutazama onyesho la kifalme la wachezaji, ambalo halijapata kufanywa nje ya London kabla ya hapo.

Mabadiliko yalikuja kwa njia ya neema. Mishahara ilipanda, likizo ikawa na malipo, na watu wakanunua magari. Aliye na gari huja asubuhi na kurudi jioni, wala halali kwa mama mwenye nyumba. Mwaka 1964 stesheni ya Blackpool Central, iliyokuwa karibu kabisa na Mnara, ilifungwa. Kisha ndege zikaanza kuwachukua watu kwa bei nafuu kwenda Spain, ambako jua haliombwi. Wakati huo huo viwanda vya pamba vilikuwa vikifungwa kimoja baada ya kingine, maana nguo za nchi nyingine zilikuwa rahisi zaidi. Na kiwanda kilipokufa wiki yake ilikufa nacho. Hakuna aliyeifuta Wakes kwa amri. Ilipungua tu, hata mwaka mmoja watu wakatambua kwamba kila mtu amechukua likizo siku yake.

Mji ulioishi kwa wiki hizo uliumia. Nyumba nyingi za wageni ziligeuzwa vyumba vya kupanga kwa bei ya chini, wakaingia watu wasio na kazi na wagonjwa, wengi wao wakiwa wamevutwa na kumbukumbu ya siku njema walizoziona pale walipokuwa watoto. Mwaka 2019 hesabu za serikali ziliiweka Blackpool mbele ya wilaya zote za England kwa ufukara. Wanyama wa sarakasi ya Mnara waliondolewa mwaka 1990. Mikutano mikuu ya vyama vya siasa, iliyokuwa ikifanywa Winter Gardens, ikahamia miji mingine baada ya 2007. Na mwaka 2010 baraza la mji liliununua Mnara pamoja na Winter Gardens, visiharibike mikononi mwa watu binafsi. Mwaka 2024 ilifunguliwa karibu na Mnara nyumba ya makumbusho ya michezo na starehe za mji, ili watoto waone walivyochekeshwa babu zao.

Wazee waliofika Blackpool katika miaka ile ya 1940 na 1950, wakiulizwa wanakumbuka nini, hutaja Mnara, punda, peremende, na mvua. Wakiulizwa wamekosa nini, jibu huwa jingine. Husema kwamba walipokwenda baharini mtaa wote ulikwenda. Jirani wa mlango wa pili alikuwa katika kiti cha pili mchangani. Msimamizi wa kiwanda, ambaye wiki iliyopita alikuwa akiwakemea, alionekana amekunja suruali yake, akilamba aiskrimu kama mtoto. Msichana aliyetazamwa kwa mbali mwaka mzima kanisani alionekana ukumbini, na palikuwa na muziki. Ndoa nyingi za Lancashire zilianzia juu ya vipande vile vya mbao. Huko Spain walipata jua, lakini walipogeuza shingo hawakumwona mtu wa mtaani mwao.

Dansi za mchana zingali zikichezwa katika ukumbi wa Mnara. Meza ndogo zimepangwa kandokando, na juu yake birika la chai, mikate midogo na keki. Kinanda hupanda kutoka chini kama zamani. Wanaocheza wengi wao ni wazee, na kwa kuwa waume wengi wametangulia, wanawake hucheza wao kwa wao, mmoja akikubali kuchukua nafasi ya mwanamume, wakizunguka polepole upande mmoja, na mikoba yao imeachwa mezani karibu na vikombe bila mtu wa kuilinda.